Kijana Anayeingia Kazi ya Bima ya Mazishi, Achague Nyumba Gani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo imechapishwa katika taarifa hii kwa agizo la Halmashauri ya Chama.)



Halmashauri iliniomba nieleze jambo moja ambalo limekwisha kuingia katika nyumba zetu nyingi. Vijana wetu, wanaume kwa wanawake, waliomaliza masomo wasipate kazi ya mshahara, huitwa kila siku kwenda kuuza bima ya mazishi. Wengine wameanza. Wengine huja kwa wazazi wao wakiuliza, "Ofisi hii yanitaka, na ile yanitaka, niende wapi?"

Swali hilo si la kijana peke yake. Mtu wa kwanza atakayeuziwa bima na kijana huyo ni mzazi wake, wa pili ni mjomba wake, na wa tatu ni chama hiki. Akichagua nyumba mbaya, yaani kampuni au ofisi isiyotimiza ahadi, hasara haitakuwa yake tu. Itatufikia sisi siku ya msiba, wakati ambapo hatuna nguvu ya kuanza kugombana na mtu.

BIMA HII NI KITU GANI

Vyama kama chetu vilianzishwa na watu waliotoka mashambani wakaja kufanya kazi Nairobi, Mombasa, Nakuru na kwenye reli. Mtu alipofariki mbali na kwao, wenzake walichanga ili maiti isafirishwe, na mjane na watoto wapate nauli na chakula. Bima ya mazishi ni mchango ule ule, ila umetangulizwa. Sisi tulizoea kuchanga baada ya msiba. Bima huchanga kabla.

Wanachama hulipa ada kila mwezi au kila mwaka, na kampuni huahidi kutoa fedha za kiasi kilichoandikwa katika mkataba: shilingi 50,000, au 100,000, au zaidi, kwa kadiri ya ada. Mkataba hutaja majina: mwanachama, mkewe au mumewe, watoto, na mara nyingi wazazi na wakwe. Huwekwa mpaka wa umri, hasa kwa wazazi. Tena huwekwa muda wa kungoja, maana kampuni haitaki mtu aandikishwe leo akiwa mahututi na kesho idaiwe fedha. Kifo cha ajali kwa kawaida hakingoji muda huo. Msiba ukitokea, jamaa hupeleka kibali cha kuzika, nakala ya kitambulisho na fomu ya madai, na kampuni nyingi huahidi kulipa kabla ya siku mbili au tatu kupita.

Hapo ndipo bima hii inapotofautiana na nyingine zote. Dai la gari lililogongwa laweza kungoja mwezi mzima. Maiti haingoji. Chumba cha maiti hutoza fedha kila siku, gari la kusafirisha maiti lataka malipo kabla halijaondoka, na seremala wa majeneza hakopeshi. Ndugu zetu Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku ile ile. Kwao fedha zikichelewa hukuta watu wamekwisha kukopa kwa sanda, kwa usafiri na kwa chakula cha wageni. Kwa hiyo kampuni inayolipa baada ya wiki tatu, hata ikilipa zote, imekwisha kuvunja ile ahadi ambayo watu waliinunua.

NYUMBA ZA NAMNA TATU

Kijana anayetaka kazi hii ataona milango mitatu mbele yake.

Mlango wa kwanza ni kampuni ya bima yenyewe. Humwandika kuwa wakala wake, humweka chini ya meneja wa kundi, na katika bima ya maisha mara nyingi humfunga asiuze bima ya kampuni nyingine. Faida yake ni kwamba anajua anayemtumikia. Hasara yake ni kwamba bima ya kampuni hiyo isipowafaa wazazi wazee, hana nyingine ya kuwapa.

Mlango wa pili ni dalali wa bima. Yeye ni mtu wa mnunuzi: kazi yake ni kutafuta katika kampuni nyingi iliyo bora kwa mteja. Kijana akiajiriwa hapo hujifunza mengi, lakini mara nyingi huanza kwa kazi ya makaratasi, na madalali hupenda vikundi vikubwa kuliko familia moja moja.

Mlango wa tatu ni ofisi ya wakala mkubwa, ambayo nayo ina mkataba na kampuni moja au zaidi, kisha huwakusanya vijana chini yake. Kijana akiuza, kamisheni hupitia ofisini, na ofisi huchukua sehemu yake. Hakuna ubaya katika mpango huo wenyewe. Ofisi nzuri humfundisha kijana, humtetea dai likikwama, na humfungulia njia ya kampuni ambazo peke yake zisingemsikiliza. Lakini ofisi mbaya humtumia kijana kama chambo, ikijua kwamba baada ya kuwaandikisha jamaa zake ishirini ataishiwa na watu, ataondoka, na mwingine ataitwa mahali pake.

Katika nchi ya Marekani ofisi za namna hii ya tatu zimeenea sana. Huitwa mashirika ya uuzaji, nazo husimama kati ya wakala na kampuni za bima. Bima ya gharama za mwisho huuzwa huko hasa kwa wazee, nyumba hadi nyumba na kwa simu, na wakala mpya hushindaniwa na mashirika mengi. Tunao watoto waliohamia huko, nao waweza kuitwa kazi hiyo hiyo. Tena yale yaliyowafundisha mawakala wa huko yatatufaa hapa. Kwa hiyo nitayataja kila yanapohusika.

SHERIA KWANZA

Kabla ya kuuliza habari ya kamisheni, kijana aulize habari ya leseni. Kazi ya bima katika Kenya huongozwa na Sheria ya Bima, ambayo ni Sura ya 487 ya sheria zetu, na tangu mwaka 2007 husimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Bima, iitwayo kwa kifupi IRA. Wakala hupaswa kufaulu mtihani wa ujuzi wa kazi hii na kupata leseni, na leseni hiyo huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka. Ofisi inayomwambia kijana, "Anza kuuza tu, leseni tutashughulikia baadaye," imejitangaza yenyewe. Mwombe kwaheri kwa adabu, uende zako.

Kijana atazame pia leseni ya ofisi na ya kampuni iliyo nyuma yake. Orodha ya waliopewa leseni hutolewa na Mamlaka hiyo, na kuitazama hakuna gharama. Wala tusidanganywe na ukubwa wa jina. Kampuni ya Kenya National Assurance ilikuwa mali ya serikali, na jina lake lilijulikana nchi nzima. Mwaka 1996 ilianguka. Kampuni ya Blue Shield ilikuwa na ofisi katika miji mingi. Mwaka 2011 iliwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya Mamlaka. Madai ya watu wengi yalikwama. Upo mfuko wa kuwafidia wenye hati za bima kampuni inapoanguka, lakini fidia yake ina kikomo, na fedha zinazokuja baada ya miaka hazinunui jeneza la leo.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Baada ya sheria, nashauri kila kijana aende na maswali matano, ayaulize kwa sauti ya upole, na aandike majibu.

Swali la kwanza: Madai hulipwa kwa muda gani, nani huyalipa, na ni nani aliyekwisha kulipwa? Asikubali kuonyeshwa picha ya karatasi ukutani. Aombe kuelekezwa kwa kikundi kimoja au viwili vilivyopata msiba mwaka huu, akaongee na mweka hazina wao. Nyumba njema hufurahi kuulizwa hivyo, kwa kuwa dai lililolipwa vizuri ndilo tangazo lake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Swali la pili: Kamisheni ni kiasi gani katika mwaka wa kwanza, na ni kiasi gani katika miaka inayofuata? Hapa vijana wengi huteleza, kwa maana husikia tarakimu ya kwanza tu. Tufanye hesabu ya mfano. Familia hulipa shilingi 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Ofisi ya kwanza yatoa asilimia 50 mwaka wa kwanza, kisha haitoi kitu. Ofisi ya pili yatoa asilimia 20 mwaka wa kwanza, na asilimia 10 kila mwaka unaofuata. Katika ile ya kwanza kijana atapata shilingi 3,000, basi. Katika ya pili atapata 1,200, halafu 600 kila mwaka. Mwisho wa mwaka wa nne ofisi hizi mbili zitakuwa sawa, na mwaka wa tano ile iliyoonekana maskini itakuwa imempa 3,600. Akiwa na familia 40, hiyo ni shilingi 144,000 dhidi ya 120,000, nayo bado yaendelea.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba ofisi ya pili inampa sababu ya kuwatembelea watu wake mwaka hata mwaka, kuwakumbusha ada, na kuandika mtoto aliyezaliwa. Ofisi ya kwanza inampa sababu ya kuwasahau. Ndugu zangu, namna mtu anavyolipwa ndivyo anavyotembea.

Swali la tatu: Je, kamisheni hutolewa kabla ya mteja kulipa, na mteja akiacha ni nani hurudisha? Desturi hii ni ya kawaida sana huko Marekani. Kampuni humtangulizia wakala kamisheni ya miezi kadhaa, mara nyingi tisa, na mteja akiacha kulipa mapema, ile isiyostahili hudaiwa irudi. Tukichukua mfano wetu wa asilimia 50, kamisheni ya mwezi mmoja ni shilingi 250, na ya miezi tisa ni 2,250. Mteja akilipa miezi mitatu tu, kijana amestahili 750, na 1,500 ni deni. Familia kumi zikiacha, deni ni shilingi 15,000, na fedha zenyewe zimekwisha kuliwa. Mawakala wapya huko wameanza kazi kwa furaha wakaimaliza kwa madeni namna hiyo. Basi popote kijana anapotangulizwa fedha, ajue kwamba amekopeshwa, hata kama karatasi haikutumia neno hilo. Dawa ni kumwandikisha mtu kwa ada anayoiweza, si kwa ada kubwa itakayomshinda baada ya mavuno kwisha.

Swali la nne: Wateja watapatikana wapi, na kwa gharama ya nani? Mashirika mengine ya Marekani huwauzia mawakala majina ya watu wanaosemekana wataka bima, na wakala hulipa hata asipouza. Hapa kwetu mara nyingi husemwa, "Anza na jamaa zako." Si vibaya kuanza na jamaa, lakini kijana aulize, "Na baada ya jamaa?" Ofisi isiyo na jibu inataka jamaa zake, haimtaki yeye. Aulize pia kama kuna fedha za kujiandikisha, za sare, za semina, au za kununua fomu. Ada za mtihani na za leseni ni halali. Lakini kazi inayomtaka mtu alipe ili aajiriwe, kisha alete wengine walipe, hiyo si bima.

Swali la tano: Nikiondoka, itakuwaje? Hili huonekana kama kuomba talaka siku ya harusi, lakini ndilo linaloonyesha tabia ya nyumba. Je, kamisheni ya wateja niliowaandikisha itaendelea kunijia? Je, ninaweza kwenda kwa ofisi nyingine mara moja, au kuna muda wa kufungwa? Je, wateja wangu watapewa nani wa kuwahudumia? Huko Marekani wakala anayetaka kuhama shirika mara nyingi huhitaji barua ya kuachiliwa, na shirika likikataa hungoja miezi mingi. Kwa hiyo masharti ya kutoka yasomwe kabla ya kutia sahihi ya kuingia. Mkataba upelekwe nyumbani, usomwe usiku mmoja, na mtu mzima mwenye kujua kusoma mikataba autazame. Ofisi inayosema, "Tia sahihi sasa, nafasi zinakwisha," ijibiwe kwamba haraka haraka haina baraka.

MAFUNZO NA ULIMI

Lipo jambo moja ambalo haliingii katika maswali, ila kijana ataliona kwa macho. Na atazame wanavyomfundisha. Kama siku tatu za mafunzo zote ni za kupiga makofi, kuimba na kuonyeshwa magari ya walioshinda, na hakuna saa hata moja ya kusoma mkataba mstari kwa mstari, basi atatumwa kwa wazee wake akiwa hajui anachokiuza. Atasema, "Mama, ukifa kesho tutalipwa," naye mama ana umri uliopita mpaka, au muda wa kungoja haujaisha. Hakukusudia kudanganya, amefundishwa nusu. Lakini wakati wa msiba nani atatofautisha? Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nyumba njema humfundisha kijana kutaja kwanza yale ambayo bima haitalipa. Pia humfundisha kutoshika fedha za watu. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima chakataza kampuni kuchukua dhamana kabla ya ada kulipwa. Maana yake ni hii: ada ikikaa mfukoni mwa wakala wiki mbili, wiki hizo mbili familia haina bima, hata kama imepewa risiti ya mkono. Siku hizi ada hulipwa kwa simu moja kwa moja kwa nambari ya kampuni, na hakuna udhuru wa kufanya vingine.

KAZI YA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, sasa natoa mapendekezo manne kwa wazee na wanachama.

La kwanza, kijana wetu akija kutuuzia bima, tumpokee kwa upendo na tumwulize kwa ukali sawasawa na mgeni. Alete leseni yake, barua ya kampuni inayomtambua, na mkataba mzima, si karatasi ya matangazo. Kumhurumia kwa kutomwuliza ni kumtupa, kwa kuwa maswali tusiyomwuliza sisi atayakuta mbele ya jeneza.

La pili, orodha ya wanachama, pamoja na nambari za simu na za vitambulisho, isitolewe kwa mtu yeyote bila ruhusa ya wenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka hivyo, na heshima yataka hivyo pia.

La tatu, hata chama kikinunua bima, mfuko wetu wa matanga usifungwe. Upunguzwe baadaye, kampuni ikiisha kuonekana kwa macho yetu kuwa yalipa. Bima na mchango ni kama mikono miwili. Mkono mmoja haunawi.

La nne, Halmashauri iteue wanachama watatu wenye ujuzi wa hesabu na mikataba, ili kijana yeyote wa chama hiki anayeitwa na ofisi ya bima aweze kuwaletea mkataba wake kabla hajatia sahihi. Kazi hiyo haitagharimu chama shilingi, nayo yaweza kumwokoa mtoto wa mtu na deni la miaka.

Nami nisieleweke kwamba nawakataza vijana kazi hii. Ni kazi ya heshima. Mtu anayepita nyumba kwa nyumba akihakikisha kwamba mjane hataomba kwa majirani ili azike mumewe, huyo anaendeleza kazi ile ile ya waanzilishi wa chama hiki. Lakini wakala wa bima ya mazishi hana duka, hana ghala, hana bidhaa ya kushika mkononi. Anauza ahadi ya mtu mwingine kwa dhamana ya jina lake mwenyewe. Kampuni ikishindwa kulipa, wakubwa wake watabaki Nairobi katika ofisi zao. Yeye ndiye atakayekutana na wafiwa sokoni, kanisani, msikitini na katika mkutano huu, maisha yake yote.

Basi kijana asiulize kwanza ni nyumba gani itakayomlipa zaidi mwezi huu. Aulize ni nyumba gani itakayomwezesha kuhudhuria kila mazishi ya watu aliowaandikisha, asimame katikati ya wafiwa, na asiogope kutazamwa usoni.

Mungu akibariki chama chetu, na awape subira wote waliofiwa mwaka huu.